Sekunde Tisa za Makutano ya Soko la Mifugo: Maisha ya Marehemu Bilan Olow Maalim

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu, majirani, walimu, nanyi mliotoka hospitalini mkiwa bado na sare zenu za kazi, ahsanteni kwa kuja.

Siku tuliyomzika dada yangu hatukusoma chochote. Si desturi yetu kusoma wasifu makaburini. Wenzake wa kazi ndio walioomba usomwe leo, siku ya saba, tena kwa Kiswahili, ili kila aliyemfahamu asikie. Karatasi mliyopewa mlangoni niliiandika mimi, Abdirizak Olow, mdogo wake wa mwisho. Yaliyochapishwa humo ni kweli, ila katika sehemu ya kazi nimeruka mambo, na niliyaruka kwa sababu yananihusu. Leo nitayasoma yote. Mniwie radhi sauti ikikatika.

Marehemu Bilan alizaliwa Kotile, Ijara, akiwa mtoto wa pili wa mzee Olow Maalim na mama Qali Warsame. Kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1971, kwa sababu afisa aliyemwandikisha aliwapa watu wote wa siku hiyo tarehe hiyo hiyo. Mama alikuwa akisema ilikuwa Ijumaa, mvua zikiwa zimeanza, na ng'ombe wakiwa na maziwa mengi kuliko vyombo vilivyokuwapo. Mvua za namna hiyo hazikurudi tena kwa muda mrefu. Mwaka wa 1980, baada ya ukame kumaliza ng'ombe wote isipokuwa wanne, baba alihamishia jamii yake mjini Garissa, nasi tukawa watu wa mtaa wa Bula Punda.

Mwaka huo huo, akiwa na miaka tisa, Bilan aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya mjini. Wenzake walimcheka kwa urefu wake. Kufikia darasa la tatu walikuwa wakinakili hesabu zake. Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1987, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1991, na mwaka uliofuata akaenda Nairobi kusomea tiba ya viungo katika chuo cha utabibu. Alihitimu Desemba 1995. Kwa taarifa tulizo nazo alikuwa msichana wa kwanza kutoka Kotile kusomea kazi hiyo, na kwa miaka mingi mama hakujua namna ya kuwaeleza wageni. Alikuwa akisema tu, "Huyu anafundisha watu wakubwa kutembea."

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo lazima nilitaje. Nilipokuwa na miaka sita niliugua surua. Baba alikuwa safarini, mama naye hajiwezi kwa homa. Bilan alinibeba mgongoni kutoka Bula Punda hadi hospitali, yeye mwenyewe akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Njia nzima alinipa hesabu. Saba na nane ni ngapi? Kumi na tano toa sita? Baadaye aliniambia kwamba aliogopa nikilala sitaamka. Hesabu zangu zilianzia mgongoni mwake, na hesabu ndizo zilizonipeleka chuo kikuu kusomea uhandisi wa barabara.

Alirudi Garissa mwaka wa 1996 akaanza kazi katika hospitali ambayo hakuiacha hadi ugonjwa ulipomtoa, isipokuwa miaka miwili, kuanzia 2007, aliyoazimwa kwenda kambi ya wakimbizi ya Hagadera. Huko aliwafundisha watu waliopoteza miguu njiani wakikimbia vita jinsi ya kusukuma viti vya magurudumu kwenye mchanga. Alikuwa mkali. Mgonjwa akisema hawezi, humwambia, "Sawa, pumzika. Nitakungoja hapa hapa." Kisha huketi kwenye benchi akamkodolea macho mpaka mtu anaona haya na kusimama.

Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa mwalimu wa jiografia, Yakub Dahir, aliyevunjika muundi akicheza mpira na wanafunzi. Mfupa uliunga baada ya miezi miwili. Mwalimu akaendelea kuja kliniki mwezi wa tatu na wa nne, akichechemea vizuri kabisa koridoni. Siku moja Bilan alimwona dirishani akipanda baiskeli yake na kuondoka kwa kasi. Alipokuja tena akamwambia, "Mwalimu, mguu umepona. Kama kuna kingine, kaseme kwa baba yangu." Walioana tarehe 12 Desemba 1998. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Iftin mwaka wa 2000 na Muslimo mwaka wa 2004.

Sasa nifike kwenye sehemu niliyoiruka.

Mataa ya makutano ya soko la mifugo yaliwashwa Oktoba 2020. Aliyepanga muda wa mataa hayo ni mimi, mhandisi wa ofisi ya barabara. Barabara pale ina upana wa mita kumi na nne. Niliwapa wanaotembea kwa miguu sekunde tisa za kuvuka. Tarakimu hiyo niliinakili kutoka kwenye mchoro wa mji mwingine, ambako barabara ni nyembamba. Sikutoka ofisini. Sikumpima mtu hata mmoja. Wenye malori walikuwa wakitaka foleni ipungue, na tisa ikawapendeza.

Bilan hakujua kwamba ni kazi yangu. Alichojua ni kwamba wagonjwa wake walikuwa wanarudi. Mtu anatoka kliniki akiwa ameanza kutembea vyema, baada ya wiki analetwa tena, amegongwa au ameanguka akikimbia pale kwenye mataa. Mume wake pia alimlalamikia. Akiingia makutano kwa baiskeli taa ikiwa kijani, kabla hajafika upande wa pili magari ya barabara nyingine yameshaachiliwa. Na bibi mmoja mgonjwa wake, Mama Faduma, aliyepatwa na kiharusi na kujifunza upya kutembea kwa magongo, alimwambia kwa Kiswahili chake, "Daktari, mimi nafika kati tu, taa nabadilika. Gari napiga honi. Mimi niende wapi?"

Basi Bilan akampima Mama Faduma koridoni, mita kumi na nne kwa saa ya kuhesabu sekunde. Alitumia sekunde ishirini na sita. Akawapima wazee wengine, wajawazito, wasukuma mikokoteni. Akaandika barua ya kurasa mbili, akaileta ofisini kwetu mwenyewe Jumatatu, 7 Juni 2021. Sikuwepo. Ilipigwa muhuri na kuwekwa mezani kwangu.

Niliisoma jioni hiyo. Niliona kila tarakimu yake ni sahihi. Nikaona pia kwamba kuikubali ni kukiri kwamba sikupima kitu, na kwamba aliyenifumania ni dada yangu. Niliiweka katika saraka ya meza yangu, chini ya ramani. Nilijiambia nitarekebisha mataa kimya kimya mwezi ujao. Julai ikapita.

Jumatano, 11 Agosti 2021, siku ya soko, saa nne asubuhi, Mama Faduma aliingia kivukoni taa yake ikiwa kijani. Alikuwa katikati ilipogeuka. Lori lililobeba mbuzi, dereva wake akiwa kijana aitwaye Hanad, lilikuwa limesimama kando ya lori jingine refu lililomziba, hivyo Hanad hakuweza kumwona. Taa ya Hanad ikawa kijani, akaondoka, akamgonga. Mama Faduma alifariki siku tisa baadaye, Ijumaa tarehe 20. Bilan alikuwa naye wodini.

Jioni ya mazishi hayo dada yangu alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa. Aliniuliza, "Abdirizak, niliandika barua kuhusu yale mataa. Ilifika kwenu?"

Nikamjibu, nikimwita dada kwa Kisomali, "Abaayo, hakuna barua iliyofika."

Akanitazama, akasema, "Basi nitaandika nyingine. Hii nitakukabidhi mkononi."

Akaandika ya pili, nikaipokea kama mtu anayeona jambo kwa mara ya kwanza. Lakini wiki hiyo hiyo, tarehe 2 Septemba, niliitwa kuandika ripoti ya ajali. Niliandika kwamba mataa yalikuwa yanafanya kazi ipasavyo na kwamba dereva hakuwa makini. Sikuandika sekunde tisa mahali popote. Ripoti hiyo ilisomwa mahakamani. Hanad alifungwa miezi sita, akanyang'anywa leseni, na jamaa zake wakatoa diya, fidia ya damu.

Marehemu hakujua habari ya ripoti. Yeye aliendelea na mataa. Kila asubuhi kabla ya zamu alisimama pale makutano na daftari, akihesabu. Vijana wa bodaboda walimwita mwendawazimu, mpaka alipoanza kuwahesabu na wao, akawaeleza kwa nini wanaponea chupuchupu kila wanapoingia mwishoni mwa kijani. Wakaanza kumletea chai.

Tarehe 15 Februari 2022 aliwaita wakubwa wetu makutanoni. Alikuja na magongo manne na bendeji. Alimfunga mkuu wetu goti, akampa magongo, akamwambia avuke. Mkuu ni mtu mnene, mcheshi, akaanza huku akicheka. Sekunde ya tisa alikuwa hajafika hata nusu. Malori yakapiga honi. Aliacha kucheka, akasimama katikati ya barabara na magongo yake, akatutazama. Askari ndiye aliyeyazuia magari ili amalize. Alipofika upande wetu, jasho likimtiririka, aliniuliza, "Abdirizak, huyu mama ni nani?"

Dada yangu alikuwa hatua tano kutoka hapo. Nikasema, "Ni mtu wa hospitali, bwana mkubwa."

Alisikia. Hakunisahihisha. Aliendelea kumfungua mkuu bendeji na kumwonyesha daftari lake.

Mataa yalibadilishwa tarehe 4 Aprili 2022, siku ya pili ya Ramadhani, karibu yote kwa mujibu wa daftari hilo. Wanaotembea walipewa sekunde ishirini na nane, na sauti ya kuwaongoza wasioona. Baada ya njano, pande zote hukaa nyekundu sekunde nne, ili baiskeli na mkokoteni wa punda vilivyoingia vipate kutoka. Wenye baiskeli na bodaboda walichorewa mstari wao mbele ya magari, ili waonekane. Wala hakuwasahau madereva. Ni yeye aliyegundua kwamba siku ya Jumatano malori ya mifugo yalikuwa yakikimbilia njano kwa sababu kijani chao hakikutosha, akaomba kiongezwe siku hiyo. Tangu hapo hadi leo hakuna aliyepoteza maisha katika makutano yale. Ofisini tuliita kazi hiyo "maboresho". Tungeiita "marekebisho", mtu angeuliza kilichokuwa kimeharibika. Mimi nilipewa cheti cha pongezi, nikakipokea.

Machi 2024 marehemu aligunduliwa na ugonjwa wa figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku zilizobaki alikwenda kazini hadi Julai mwaka huu, miguu ilipovimba akashindwa. Yakub na mabinti walimuuguza nyumbani kwa subira ambayo Mwenyezi Mungu ndiye wa kuilipa.

Alasiri ya tarehe 9 Septemba nilikwenda kumwona. Aliniambia kwamba Rahmo, binti wa Mama Faduma, alikuwa amemletea maziwa ya ngamia, na kwamba kila akija humwombea dua yule aliyebadilisha mataa. Nilishindwa kukaa na maneno hayo. Nikamweleza yote, barua ya kwanza, saraka, ripoti, Hanad.

 Kisha akasema, "Nilikuja kwako jioni ya mazishi. Nilikuuliza."

"Ndiyo, Abaayo. Nilikudanganya."

"Toka, Abdirizak. Mwambie Iftin aniletee maji."

Kwa siku kumi na moja hakutaka kuniona. Nilikuwa nakuja na kukaa uani na shemeji Yakub, ambaye hakujua kilichotokea na hakuuliza. Siku ya kumi na mbili aliniita. Nilipiga magoti karibu na kitanda nikaanza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mimi unaniomba nini? Mimi sikugongwa. Mimi sikufungwa. Nenda kwa Rahmo. Nenda kwa yule kijana."

Nikamwambia, "Nitapoteza kazi. Labda nitashtakiwa."

"Najua," akasema. "Hata mimi nimelifikiria hilo, na linaniuma, kwa sababu wewe ni mtoto niliyekubeba. Lakini nenda."

Niliahidi kwenda Ijumaa. Ijumaa ikaja nikapata sababu. Kila nilipomtembelea aliniuliza, "Umekwenda?" Nami nikasema, "Wiki ijayo, inshallah." Ijumaa saba zilipita hivyo.

Asubuhi ya Jumanne, 11 Novemba 2025, saa moja na nusu, Muslimo alinipigia simu akisema, "Abti, mjomba, njoo upesi." Nilimkuta marehemu anapumua kwa shida, macho yake mazima. Yakub alikuwa akimsomea Yasin. Bilan alinitafuta kwa macho, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Umekwenda?"

Nikasema, "Nimekwenda, Abaayo."

Akasema, "Alhamdulillahi." Akaushika mkono wangu. Alikuwa hajaushika tangu Septemba. Alifariki saa mbili na dakika kumi, tukamzika baada ya swala ya alasiri.

Sikuwa nimekwenda. Neno la mwisho nililomwambia dada yangu lilikuwa uongo, na alimshukuru Mungu kwa ajili yake. Nimelibeba neno hilo siku hizi saba. Kuna walioniambia nilifanya vyema kumtuliza. Mimi niliyekuwa pale najua nilikuwa najituliza mwenyewe.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa Rahmo. Sikutaka asikie mbele ya watu kabla hajasikia kwangu. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilipomaliza alisema, "Miaka minne nimemlaani mtu asiye na kosa." Kisha akaniuliza kama nitayasema haya hadharani. Nikamwambia nitayasema. "Basi sema na jina la mama yangu kamili. Usiseme bibi mmoja." Jina lake ni Faduma Sheikh Bare, na alikuwa na miaka sitini na nane.

Jumamosi nilipanda basi hadi Wajir, nikafika Griftu, ambako Hanad sasa ananunua na kuuza mbuzi. Nilimkuta sokoni. Nilidhani atanipiga, na sikuwa na nia ya kukinga. Aliketi chini kwenye vumbi, akashika kichwa. Baadaye akasema, "Nilikuwa nimeanza kuamini nililala kwenye usukani. Niliona kijani, lakini kila mtu alisema sikuangalia, hata mimi nikasema labda sikuangalia. Ndio maana sijagusa gari tena." Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Aliniuliza jambo moja tu, kama nitaandika.

Nimeandika. Leo asubuhi nimepeleka ofisini maelezo niliyotia sahihi, pamoja na barua ya kwanza ya marehemu yenye muhuri wa 7 Juni 2021. Nakala nyingine ninayo hapa. Hanad amekuja Garissa, ndiye aliyeketi karibu na Rahmo upande ule. Kesho saa tatu tutakwenda naye kwa wakili, kutafuta namna hukumu yake itakavyofutwa. Nitakachofanywa mimi baada ya hapo kiko mikononi mwa wenye mamlaka, na sitakitorokea.

Marehemu Bilan Olow ameacha mume, Mwalimu Yakub Dahir; mabinti, Iftin, ambaye anasomea tiba ya viungo kama mama yake, na Muslimo; mama yetu mzazi, Qali Warsame, ambaye hajasikia haya ila leo, nami nitakuja kupiga magoti kwake tukimaliza; kaka mkubwa, Jelle, aliye Kotile; na mdogo wake, mimi. Ameacha pia wagonjwa wengi, na nawaona hapa wengine waliokuja kwa miguu yao wenyewe.

Ewe Mola wetu, Bilan aliuliza na hakuambiwa kweli na ndugu yake. Mpe wewe majibu yote. Lipanue kaburi lake, liwe nuru, umpumzishe humo kwa amani hadi siku ya kufufuliwa. Amin.